Nilililiwa Msiba Stendi ya Iringa Nikiwa Hai, Nimevaa Gauni la Mke Wangu

Niliwahi kuliliwa msiba wangu mwenyewe. Mchana kweupe, stendi ya Iringa, nikiwa hai, nimekaa kiti cha dirishani ndani ya basi la Mbeya.

Nimevaa gauni la mke wangu.

Soma tena ukitaka. Sijakosea kuandika. Gauni la maua ya njano, na khanga nimejitanda kichwani mpaka usoni.

Mtu aliyekuwa ananililia alikuwa amelala chali barabarani mbele ya tairi, amevaa pijama za hospitali, anapiga yowe: "Uwiii! Mtani wangu amekufa jamani! Basi haliondoki mpaka marehemu ashuke!"

Marehemu ndiye mimi.

Naandika haya kwa ajili ya binti mmoja aliyeuliza juzi humu kundini. Amepangiwa upasuaji wa moyo, analia kila siku, na anafikiria kutoroka arudi kwao. Mmemjibu vizuri, "Mungu ni mwema", "utapona dada", na vikopakopa vyekundu. Sawa.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushee, nachapa kwa kidole kimoja. Vikopakopa sijui vinapatikana wapi. Nilichonacho ni aibu yangu, na nakupa yote, binti. Ikae nawe wodini.

Haya.

Mwaka ni 1977. Sisi ni Wasukuma, tulihama Shinyanga na ng'ombe wetu tukaja bonde la Usangu, tukaweka makazi upande wa Madibira. Naitwa Nyanda. Nilikuwa kijana mwenye mwili, kifua kipana, mabega ya kubebea gunia. Nikiingia uwanjani kwenye ngoma, watu wanasogea wanipe nafasi.

Ila nilikuwa naoza ndani kwa ndani.

Nikitembea kidogo pumzi inakata. Nikilala chali nakohoa. Nikienda machungani, nakaa chini ya kichaka nawaacha ng'ombe wajichunge wenyewe. Nikiulizwa, nasema nimechomwa na mwiba.

Nilichomwa na miba mingi sana mwaka ule.

Aliyejua ni mke wangu, Nyamizi. Akawa anawahi kuamka, anaingia zizini na mtoto mgongoni, anakamua ng'ombe wote, kazi yangu ile, halafu anarudi ndani kimyakimya ili majirani wadhani nimekamua mimi. Nilikuwa nasikia maziwa yakilia kwenye kibuyu nami nimejifunika blanketi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Lakini nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza ilikuwa rahisi kuliko kusema naumwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua mnadani, siku ya watu wengi, nikiwa najisifia dume langu. Nikakohoa, nikatema damu kwenye mkono, watu wakarudi nyuma. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena habari za mwiba.

Wakanipeleka Mbeya.

Daktari akaniwekea mpira wa kusikilizia kifuani. Akasikiliza, akakunja uso, akaita wenzake. Wakapanga foleni, kila mmoja anasikiliza, nami nimevuliwa shati nimesimamishwa kama lile dume langu mnadani.

"Tangu lini unaumwa?"

"Jana," nikasema.

"Muongo huyo," Nyamizi akasema. "Tangu mtoto hajazaliwa. Na amekunywa mizizi ya waganga wawili, ninayo hapa kwenye mfuko."

Akaimwaga mezani mbele ya madaktari. Nilitamani ardhi ipasuke.

Binti, hapo weka alama. Nenda hospitali na mtu asiyekuonea haya. Mgonjwa akikaa mbele ya daktari husema uongo bila hata kukusudia, na nusu ya anachoambiwa hakisikii. Chochote ulichokunywa, cha mzizi au cha dukani, kimwage mezani. Baadaye niliambiwa kwamba mzizi mmojawapo ungeweza kuniletea matatizo makubwa siku ya kisu, kama wasingejua.

Mbeya wakasema dawa peke yake hazitoshi. Wakanielekeza hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Iringa. Kulikuwa na daktari bingwa wa kigeni, amekuja kwa muda mfupi kupasua watu mioyo, kisha anarudi kwao. Atakayekosa safari hiyo, amekosa.

Wodini tulipokewa na Sista Alinanuswe, Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole wa sauti lakini macho makali.

"Baba, wewe si mfugaji? Ng'ombe wengi wakitaka kutoka kwenye mlango mwembamba wa zizi, inakuwaje?"

"Wanarundikana ndani."

"Basi moyo wako una milango. Mlango mmoja umekakamaa, haufunguki sawasawa. Damu inarundikana kwenye mapafu, ndiyo maana unakohoa. Daktari atapitia hapa ubavuni kushoto, ataingiza kidole, ataupanua."

"Ataingiza nini?"

"Kidole."

"Wapi?"

"Kwenye moyo, baba."

Nikacheka kidogo, maana sikujua uso wangu uuweke wapi. Halafu nikaanza kuangalia milango ya wodi ile inafungukia upande gani.

Kitanda cha jirani alilala mtu mwembamba, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Kamwene!" akanisalimu kwa Kihehe.

"Mwangaluka," nikamjibu kwa Kisukuma, kwa kiburi.

"Ahaa! Msukuma! Nilijua Mungu hanitupi. Leta hiyo michembe."

Sijafungua mdomo, keshafungua kifurushi chetu, anatafuna viazi vyetu vikavu kama vya kwake.

Kwa nyie watoto wa siku hizi msiojua: Mhehe na Msukuma ni watani. Mtani anaweza kukutukana, kuchukua kitu chako, kukucheka mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mjinga. Na kwenye msiba mtani ndiye mwenye uwanja. Anaweza kulala mbele ya jeneza, akagoma lisiende kaburini mpaka apewe kitu au atakachodai kifanyike. Hakuna wa kumwinua kwa nguvu.

Yule bwana aliitwa Saulo, mtu wa Idodi. Akapandisha pijama yake. Kovu refu, limepinda ubavuni kama mundu.

"Unaliona hili? Mwenzako nimeshapita. Hapa nasubiri tu kuruhusiwa. Una swali lolote la moyo, muulize Saulo."

Nikamwangalia kwa heshima kubwa. Mtu amefunguliwa ubavu na anatafuna michembe!

Saulo akanifundisha. Naomba uyasome haya vizuri, kwa sababu yalinisaidia mimi.

"Msukuma, ukiamka utakuta mpira umetokea ubavuni unaingia kwenye chupa chini ya kitanda. Usiushike, usiuogope. Unatoa maji machafu. Na utakuwa na kiu ya kufa mtu. Hawatakupa maji, watakulowesha midomo. Usiwatukane."

"Nitaumwa?"

"Utaumwa. Ukiumwa sema. Usijifanye dume. Ukikaza mwili kwa maumivu hutavuta pumzi, na usipovuta pumzi mapafu yanajaa uchafu."

Akanipa mto. "Ukumbatie hivi, ubavuni. Sasa kohoa. Kwa nguvu! Ndiyo. Baada ya kisu watakulazimisha ukohoe, na utaona kama unapasuka. Hupasuki. Mto unashikilia. Anza mazoezi leo, usisubiri mshono."

Kulikuwa na chupa mbili za maji zilizounganishwa kwa mpira. Unapuliza hii, maji yahamie ile. Saulo alinisimamia kama mwalimu wa zamu. Mimi nikipuliza kidogo nachoka, yeye anacheka: "Mapafu ya kuku hayo! Na jino lako bovu hilo kamwambie sista. Uchafu wa jino unatembea mpaka moyoni."

Nikang'olewa jino. Nikanyolewa kifua na ubavu na sista, mwanamke wa rika la dada yangu, nimefumba macho kwa fedheha. Saulo akasema nimefanana na mbuzi wa mahari aliyekataliwa.

Damu ya kuniongezea ilipatikana kwa mwanafunzi wa uuguzi, kijana wa Kilolo. Mhehe.

"Umekwisha," Saulo akasema. "Ukiwekewa damu yetu, ukimwona mbwa mate yatakutoka."

Wodi nzima ikacheka, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Nami nikacheka. Nikaanza kuamini kwamba nitaweza.

Halafu Jailos hakurudi.

Jailos alikuwa mkulima kutoka Makete, kitanda cha mbele yetu. Aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi, akatupungia mkono. Mchana Sista Alinanuswe akaja macho mekundu, akakunja shuka za kitanda chake. Godoro likatolewa nje, likaanikwa juani kwenye nyasi, mbele ya dirisha langu.

Saulo siku ile hakuigusa michembe yetu. Akageukia ukutani. Mimi zamu yangu ilikuwa kesho yake.

Kulipopambazuka, Nyamizi akaenda jikoni, kule nje wanakopikia watu wanaouguza. Nguo zangu zilikuwa zimefungiwa stoo. Na mlinzi wa geti hakuruhusu mtu mwenye pijama kutoka. Ila wanawake wa jikoni walikuwa wanapita bila kuulizwa.

Chini ya kitanda kulikuwa na kifurushi cha Nyamizi. Gauni lake la maua ya njano, lile la sikukuu, la pekee. Na khanga.

Nilivaa bafuni. Gauni likalia "praaa" mgongoni.

Getini mlinzi akaniambia, "Pole na kuuguza, mama."

Nikaitikia kwa kikohozi.

Nilitembea mpaka stendi nikipumzika kila kwenye mti. Njiani nilikuwa namwona Nyamizi akilini, anarudi na bakuli la uji, anakuta kitanda kitupu. Nikaendelea kwenda. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya zaidi kuliko gauni. Nilimwacha mke wangu ugenini na mtoto mgongoni, nikachukua na nguo yake nzuri.

Ndani ya basi nikakaa dirishani. Kijana mmoja akanisogezea mzigo wake, "Karibu dada, ukae vizuri." Muuza karanga akanigongea kioo, "Mama, karanga!" Nikageuza uso, jasho linanitiririka ndani ya khanga.

Dereva akawasha gari.

Ndipo nikasikia yowe.

Saulo yule, chini, mbele ya tairi. Amefikaje, sijui. Kumbe alikuwa barazani akaona mwanamke anapita na makatambuga makubwa ya tairi, akamchomoka mlinzi getini na pijama zake. Alikuja kuniambia baadaye: mwanamke gani wa Iringa ana nyayo za Msukuma?

"Ndugu, toka barabarani!" kondakta akafoka.

"Sitoki! Humo ndani kuna maiti ya mtani wangu! Imevaa gauni la njano! Ina ndevu!"

Basi zima likageuka.

Kijana aliyeniita dada akainama, akachungulia chini ya khanga yangu. Akaruka kama amekanyaga nyoka.

"Watu wa Iringa, njooni tulie!" Saulo anaendelea, machozi ya kweli yanamtoka. "Alikuwa mzuri, alikuwa mjinga! Ameacha mjane jikoni na sufuria ya uji! Ameacha ng'ombe, sasa nitawarithi mimi! Daktari amemsubiri, yeye ameamua kwenda kufia Usangu, kwa siri, kama paka!"

"Huyo ni mtani wako kweli?" dereva akauliza.

"Msukuma huyo! Mimi Mhehe!"

"Basi hilo si langu tena." Dereva akazima gari.

Wanawake wa sokoni wakaanza kuitikia kilio, huku wanacheka. Watu wanapanda juu ya ndoo wanione. Hakuna aliyenitetea, maana mtani hashitakiwi. Jua limewaka, gauni limepasuka mgongoni, na mimi, Nyanda wa uwanja wa ngoma, nikainuka, nikashuka ngazi za basi mbele ya mji mzima.

Makofi yakapigwa. "Marehemu amefufuka!"

Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitaona tena. Ilinishika miguuni, nikashindwa hata kukimbia.

Saulo akajaribu kuinuka, akashindwa. Anahema vibaya, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Nikadhani ni uchovu tu. Nikamshika mkono, naye akanishika, tukawa wagonjwa wawili tunaegemeana katikati ya stendi. Pravin, mwenye duka la vitambaa pale mkabala, alikuwa amesimama mlangoni kwake anafuta machozi ya kicheko. Akatoa pikapu yake.

"Panda, mama," akaniambia. "Nyuma kuna upepo, gauni yako angalia."

Hospitali nilitegemea matusi. Sista Alinanuswe akanipima tu mapigo, akasema, "Ukipumzika, daktari atakuchukua kesho." Basi. Ingekuwa heri angenifokea.

Nyamizi alikuwa amekaa kando ya kitanda changu. Uji umepoa mkononi mwake. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Baba Mihayo," akasema, "gauni langu umelipasua."

 Akaniambia nigeuke, akanivua, akaomba sindano kwa sista, akakaa pale pale akalishona mpaka akamaliza. Kila alipovuta uzi niliona ananishona mimi. Nikamwambia, "Mama Mihayo, naogopa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mke wangu neno hilo.

"Najua," akasema. "Hata mimi. Kumbe ulidhani naogopa mwizi wa ng'ombe?"

Kesho yake niliingia.

Nakumbuka taa, nakumbuka mtu ananiambia nihesabu, na sikufika mbali. Nilipoamka, mpira ubavuni, chupa chini, kiu ya kufa mtu. Yote kama Saulo alivyosema. Na kwa kuwa nilijua, sikuruka. Nikalowanishwa midomo, sikumtukana mtu. Wakaniambia nikohoe, nikaukumbatia mto wangu, nikakohoa, nikaona ninapasuka. Sikupasuka.

Baada ya muda nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Binti, hujui pumzi ni tamu kiasi gani kama hujawahi kunyimwa. Nililia kama mtoto, na sista akasema wengi hulia, hata siku za mbele nitalia bila sababu, nisishangae.

Saulo alikuja akasimama miguuni pangu. Akanitazama sana.

"Kweli umerudi," akasema.

"Nimerudi. Mbwa yuko wapi, nina njaa."

Hakucheka. Akaenda zake.

Siku nilipoweza kukaa, nikawa naangalia mshono wangu sista akiusafisha. Kushoto, chini ya titi, unazunguka kuelekea mgongoni. Saulo alikuwa kitandani kwake anabadilisha pijama. Nikaangalia kovu lake.

Lilikuwa kulia.

Nikaangalia tena langu. Kushoto. Lake, kulia. Na lilikuwa kavu, jeupe, la miaka mingi.

"Saulo," nikasema. "Moyo wako uko upande gani?"

Akashusha pijama haraka.

"Hilo ni la pembe ya mbogo," Sista Alinanuswe akasema bila kuinua uso. "Aliumizwa shambani kwao Idodi. Upasuaji bado. Ameitwa mara ngapi, na kila mara anasema mpisheni mwenzangu."



Mwalimu wangu! Mtu aliyenifundisha kukohoa, aliyenitoa kwenye basi mbele ya mji mzima, hajawahi kuguswa na kisu! Nilipandwa na hasira mpaka mshono ukauma.

Saulo akavuta blanketi mpaka kichwani. Sauti ikatokea humo ndani, ndogo.

"Niliyokwambia yote ni kweli. Kila aliyerudi nilikaa naye nikamuuliza. Nilijua kila kitu, Nyanda. Kujua na kuweza si kitu kimoja."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

"Na Jailos," akasema, "aliingia kwenye zamu yangu. Nilimpisha mimi. Baada ya pale nikataka nione hata mtu mmoja anaingia na kurudi. Ndiyo maana nilikukimbilia stendi. Sikukupenda, mtani. Nilikufanya fimbo ya kupimia kina cha mto."

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi. Nilikumbuka midomo yake ya zambarau pale chini ya basi. Mtu mwenye moyo uliobana alikimbia mpaka stendi kwa ajili ya kunitoa, kwa sababu yoyote ile. Mimi mwenyewe sikuweza kumkimbilia mke wangu hata hatua moja.

"Jailos hakuuawa na kisu wala na zamu yako," sista akamwambia. "Alikuja amechelewa sana, mwili wote umevimba. Alichelewa kwa kuahirisha kama wewe, kule kwao. Na daktari anaondoka kesho kutwa. Kesho ni mgonjwa wa mwisho. Jina ni lako, Saulo. Ukikataa, basi."

Saulo akajikunja zaidi ndani ya blanketi.

Nikamwita Nyamizi. Nikamnong'oneza. Akaniangalia kama nimeingiwa na wazimu, halafu akainama chini ya kitanda, akatoa gauni.

Safari hii alinivalisha yeye. Taratibu, mkono wa kushoto kwanza, asiguse mshono. Akanitanda khanga kichwani.

Nikatembea kutoka kitandani kwangu mpaka kitanda cha Saulo, nimekumbatia mto ubavuni. Mbele ya wagonjwa, wauguzaji, na mlinzi wa geti aliyekuja kuchungulia akanitambua akashika kichwa. Aibu ilikuwepo palepale, haikwenda popote. Nilitembea nayo.

Nikakaa juu ya miguu ya Saulo, nikapiga yowe.

"Uwiii! Mtani wangu amekufa! Amefia kwenye blanketi! Aliwafundisha watu wote kuvuka, yeye akafia ng'ambo hii! Leteni urithi wangu! Hili bakuli langu! Hizi ndala zangu! Mjane wake nitamwoa, nimfundishe kula michembe!"

Watu walianza kucheka. Nami nikacheka, na kucheka kulinichana ubavu, nikabana mto, machozi yananitoka kwa maumivu, na siachi.

"Sitoki kitandani hapa mpaka marehemu ainuke!"

Blanketi likatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa analia, na anacheka humo humo.

Akatoa kichwa. "Msukuma," akasema, "hilo gauni limekukaa vibaya sana."

"Kesho ulivae wewe."

Akanyoosha mkono. "Nipe khanga tu," akasema. "Nitaingia nayo."

Akaingia nayo. Amejifunika khanga ya Nyamizi mpaka mlangoni, ikabidi sista aichukue pale. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje siku ile na mto wangu, nikaelewa kwamba kusubiri nako kunataka moyo.

Akarudi. Kovu la kushoto sasa, la kweli. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji", na sikumpa, nilimlowesha midomo.

Binti yangu, tulifanya tulichoambiwa. Hatukuinua ndoo wala jembe kwa miezi. Chumvi tulipunguza. Sindano ya kila mwezi ya kuulinda moyo hatukuikosa, iwe mvua iwe jua. Mimi miaka mingi baadaye mlango ule ulibana tena, nikarudi kwenye kisu, safari hiyo Dar, wakauweka mwingine. Sikutoroka. Hospitali za sasa zina mambo mapya sana, sikiliza daktari wako kuliko mzee wa mtandaoni. Muulize kila kitu: nitaamka na nini mwilini, nitanyanyua lini, nizae lini, dalili gani nikimbie kurudi. Uliza hata kama unaona haya.

Saulo aliishi. Alilima, alizeeka, alioa mke wa pili kinyume kabisa na ushauri wangu. Kila mavuno alikuja Usangu kula ng'ombe wangu bila kuomba.

Alifariki akiwa na wajukuu wengi. Nilipopata habari, Nyamizi alifungua sanduku, akatoa gauni la maua ya njano, limepauka, na ule mshono wa mgongoni.

"Nenda nalo," akasema.

Idodi walikuwa wanapakia jeneza kwenye gari kwenda makaburini. Nikavaa gauni juu ya suruali, mzee mzima, mvi kichwani. Nikalala chini mbele ya tairi. Vijana wakataka kuniinua, wazee wakawazuia.

Nikapiga yowe kwamba gari haliondoki mpaka marehemu ashuke.

Nikasubiri. Watu wote wakasubiri.

Safari hii hakushuka.

Basi binti, usitafute ujasiri, mimi mpaka leo sijawahi kuwa nao. Mimi na Saulo tulivushwa na aibu, na watu waliokataa kutuacha tufe kwa heshima. Mwambie mtu wako wa karibu kwamba unaogopa, kisha uingie hivyo hivyo na woga wako.

Na kama bado unataka kutoroka, niambie utapanda basi gani. Gauni bado ninalo.